Kilio cha Zilpah Aliye Hai

"—Sketi! Woi, mwanaume mzima na sketi!"

Zilpah alishtukia ameshasema kwa sauti, akidhani Sydney nzima hakuna wa kumwelewa. Alikuwa anasukuma wheelchair ya nyanya mmoja wa pale nursing home ya Granville anapofanya kazi. Walikuja kuona mashindano ya muziki wa Kiskoti, yale ya kila mwaka tangu kabla hata nyanya mwenyewe hajazaliwa. Watu wamejaa, zumari za mfuko zinalia kama ng'ombe mia, na kiti kimemgonga jamaa mmoja Mkongo gotini. Sketi ya mistari ya kijani, soksi nyeupe, na mabega hayo, jamani!

"Dada, umenivunja magoti ao umeyapenda?"

"Nani ameyaangalia?"

"Uliza huyu bibi kwa kiti. Anakuona."

Nyanya akacheka mpaka meno ya bandia yakacheza. Venant huyo, dereva wa forklift huko Ingleburn. Zumari alifundishwa na mzee wa Kiskoti, supervisor wao. Jioni Zilpah akarudi na namba yake.

Juni, lockdown. Ruhusa ni kilomita tano, na kati yao ni ishirini na kitu. Mapenzi yakahamia kwa simu.

"Chérie, umekula?"

"Nimekula. Na hilo fuko lako la zumari umepiga?"

"Jirani aliniitia polisi."

Agosti, corona ikamlaza Zilpah. Akamwandikia, "Usipige, siwezi kuongea," halafu simu ikazima. Siku tisa kimya.

Siku ya kumi anawasha simu: meseji mia na arobaini! Group ya Wakenya wa Sydney, Auntie Wilkister ameweka mshumaa na picha ya Zilpah ya graduation: "Kwa masikitiko makubwa..." Kwa nini? Kwa sababu mashindano mengine ya zumari mwaka huo yalikuwa ya video, kila mtu apigie kwake, na Venant amejirekodi na suti nyeusi juu ya ile sketi. Wilkister ameiona, na jina la wimbo: Lament for Zilpah. Maombolezo!

Akapiga kwao Kakamega, ambako habari imeshafika. "Mama, ni mimi."

"Shindwa!" Mama akakata.

Akampigia Venant. "Umenizika! Mama ananikemea kama pepo!"

"Chérie, pole! Mzee alinifundisha, kwa hii muziki mtu mwenye unaheshimu kupita wote unamutungia maombolezo. Ya harusi ni ya kuchezesha tu watu. Hii ndio ya juu."

"Si ya wafu?"

"Hata ya muzima. Ulinyamaza siku tisa, Zilpah. Nilikosa mahali pa kulia, nikalilia ndani ya fuko."

Zilpah akakata simu. Halafu akaitafuta ile video, akasikiliza mara saba. Sasa utamchukia vipi mtu aliyekulilia vizuri hivyo? Na utampenda vipi aliyemfanya mamako akodi hema la matanga?

Mama, alipoamini hatimaye, hakutaka mchezo: "Aliyekulilia ukiwa hai, ukifa atacheka. Hutaolewa na huyo. Isipokuwa akufukue mbele ya watu, kama alivyokuzika."

Wiki tano Zilpah hakushika simu ya Venant. Alimtumia maneno ya mama tu, basi.

Oktoba mji ukafunguliwa. Asubuhi Zilpah anatoka shift, mvua imetoka tu kunyesha, na pale nje kwenye nyasi: sketi ya kijani! Wazee wote madirishani, Auntie Wilkister na barakoa yake ameshika simu, mama yuko video. Venant akapiga wimbo wa harusi, kasi, nyanya wa wheelchair anapiga makofi. Kisha akatua fuko chini, akamwendea Zilpah, na yaliyosemwa hapo Wilkister hakuyasikia, alikuwa anapiga vigelegele, na simu yake inaonyesha mawingu tu.

Zilpah akanyakua simu. "Mama, nimefukuliwa. Umeona?"

"Nimeona. Na huyo kijana, mbona goti moja lina matope?"

"Mama! Kesho nikitoka kazini nitakuambia yote."