Betri za Kwa Speciosa

Haya nilisimuliwa na Nimpaye mwenyewe mwaka jana, tukipukuchua mahindi. Alicheka mpaka punje zikawa zinamponyoka.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya kambi ya wakimbizi ya Lukole, malori yalipokuwa yakirudisha watu Burundi. Nimpaye alikuwa na kibanda cha kuchaji na kuuza betri sokoni Benaco. Siku moja ya gulio, katikati ya kelele za wauza dagaa na mitumba, akatokea kijana mrefu, shati la bluu limenyooshwa pasi, viatu vyekundu kwa vumbi la barabara ya Nyantakara. Anasukuma pikipiki kubwa isiyo na injini.

"Habari ya kazi, dada. Naitwa Shibuda, fundi. Petroli imenichosha, hii naitia mota ya umeme. Unaionaje?"

Nimpaye akaizunguka. "Kaka, hii pikipiki au fahali? Ukipakia na betri nne, mlimani utaibeba wewe."

"Sisi Wasukuma tunapenda fahali."

"Basi ilishe majani! Tafuta nyepesi, yenye chasisi ngumu. Na betri chukua za sola. Ya gari kazi yake kuwasha; ukiikamua safari nzima, inakufa."

Shibuda alisikia nusu. Nusu nyingine ilimezwa na kitenge cha njano cha Nimpaye na ule mwanya wa meno yake. Gulio lililofuata akaja na pikipiki nyepesi, mota ameshaifunga, betri bado. Simu zikaanza.

"Umekula, betri yangu?"

"Nimekula. Chaji imejaa."

"Usiimalize kwa mwingine!"

Basi Mzee Gaspari, babaye Nimpaye, akaandikisha majina yao ya kurudi: wanapanda lori Jumamosi. Nimpaye akajua kwamba Shibuda asipokuja kumposa kwa baba, ndiyo basi tena. Akamtengea betri nne nzuri, akangoja. Alhamisi jirani akampitia mbio. "Fundi wako yuko kwa Speciosa, anapakia betri!"

Speciosa, yule wa kibanda cha pili, wanja mpaka masikioni! Nimpaye akapiga simu.

"Betri umenunua kwa nani?"

"Kwa Speciosa. Lakini mpenzi, nisikilize…"

"Akuchajie huyohuyo!" Akazima simu.

Ijumaa mchana akawa anafunga mizigo, mara watoto wakapiga yowe: "Inapanda mlima na haina sauti!" Kweli, pikipiki inapanda kimya kama paka. Shibuda amevaa koti na tai. Nyuma amempakia baba yake mdogo, Jeremia, amekumbatia dumu la pombe ya ndizi.

"Pombe mpeleke kwa Speciosa!" Nimpaye akamkatia njia.

Jeremia akashuka polepole. "Binti, katika ukoo wetu mtu habishani bei na nyumba anayotaka kuoa. Leo uvutane na wakwe kwa bei ya betri, kesho utawaheshimu vipi? Kijana asingeweza kununua kwako."

"Nilitaka kukwambia," Shibuda akasema. "Ukakata."

Nimpaye akainama, akachungulia chini ya kiti. "Za sola?"

"Kama ulivyonifundisha."

"Mjinga wewe," akasema, na machozi yakawa yanamtoka huku anacheka.

Gaspari akaonja pombe ya posa. "Mimi kesho naenda. Nimezeeka, nataka udongo wa kwetu. Wewe, mwanangu?"

"Nabaki, baba."

"Ego," mzee akasema kwa Kirundi chake. Ndiyo. Kisha akasimama, akakaza kofia. "Sasa huyu mkwe anipandishe hicho kitu chake, nikawasimulie huko."

Akazungushwa kambi nzima, anapunga mkono kama askofu. Jioni walikunywa, wakaimba. Jeremia alilala ameegemea ukuta, Shibuda kwenye jamvi nje, karibu na pikipiki, Gaspari akaanza kukoroma. Nimpaye akafungua mzigo mkubwa, akatoa vitenge vyake kimoja kimoja, akakunja upya blanketi la baba, akalifunga vizuri lisije likalowa njiani. Akajilaza ubavuni mwa baba, akalala.