Asiiguse Adnani

"Kwani una watoto wangapi, wewe?"

Mwanalima hakukusudia kusema kwa sauti. Lakini kijana aliyekuwa mbele yake dukani, katikati ya soko la Kismayu, penye kusukumana mabega na honi za bajaji na harufu ya ubani iliyogombana na ya samaki, alikuwa akichagua miswaki ya watoto wachanga. Kila mmoja aliulaza nywele kwa kidole gumba, taratibu, kama anayenunua hariri. Meza nzima ilikuwa imejaa miswaki.

"Sina hata mmoja," akajibu bila kugeuka. "Nina kamera."

"Kamera hupigwa mswaki?"

"Yangu hupigwa. Pengine kukushinda wewe."

Mwenye duka akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Abaayo, dada yangu, muache huyo. Wa hospitali. Kila akija hunimalizia miswaki ya wana wa watu."

Ndipo kijana akageuka. Alivaa shati la kijani la hospitali lililopauka mabegani, kikoi safi, na uso wa mtu aliyezoea kutaniwa. Akamwona Mwanalima katika dira, gauni lake pana la rangi ya komamanga, mtandio umeteleza nusu kichwa, jicho moja limekunjwa kwa uchokozi. Mswaki ukamponyoka.

Mwanalima alikuwa na jibu zuri kweli mdomoni, ila halikutoka. Kitu kilimchoma ubavuni kama mundu, kikamvuta chini. Akajikuta ameshika mguu wa meza.

"Maumivu yanaanzia mgongoni?" kijana akauliza, akachutama mbali kidogo naye. "Yanashuka hadi chini?"

"Una adabu wewe? Kunishukia wapi?"

"Adabu ninayo, dada, na bajaji naweza kuisimamisha. Hicho ni kijiwe cha figo. Jina langu Adnani. Nitusi tukiwa njiani."

Akamtusi njia nzima. Adnani akaitikia kila tusi kwa "naam".

Mwanalima alikuwa ametoka kisiwa cha Chovai kuja kununua vitambaa vya kushona, safari ya siku mbili tu. Binti yake Safiyya, wa miaka minne, alimwacha kwa mama yake. Mume hakuwepo, alikwenda Ulaya, talaka ikaja kwa simu. Huku Kismayu alifikia kwa binamu yake Bushra, muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali hiyo hiyo ya Adnani, aliyepanga vyumba viwili mtaa wa Farjano.

Daktari Zakiya, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, hakumzungusha. Kijiwe ni kikubwa, hakitatoka kwa kunywa maji. Hutolewa kwa kamera nyembamba inayopita njia ya mkojo mpaka ndani ya figo, kisha mwanga mkali hukivunja kikawa mchanga. Kamera ya hospitali ilikuwa moja. Mwanga ule ule uliiunguza ncha, ikapelekwa Nairobi kutengenezwa, na miswaki ya Adnani ilikuwa ya kuingojea irudi.

"Nitakutia mpira mwembamba ndani, mkojo upite usije ukapoteza figo," akasema. "Lakini mpira huu mwisho miezi mitatu. Ukizidi, nao huota mawe. Na mashua usipande. Mawimbi yakikurusha utatokwa damu."

"Na mwanangu, daktari?"

"Mwanao atakungoja."

Hivyo Kismayu ikamfunga. Bahari aliiona kutoka dari la Bushra, imelala hapo karibu, na hakuweza kuipita. Akitembea, mpira ulimchoma. Akiketi, ulimchoma. Safiyya akauliza kwenye simu, "Mama, wamekufungia chumbani?" Mwanalima akafunga simu kwa haraka, asisikike akilia.

Simu ya pili, ya Adnani kila jioni, ndiyo iliyomweka hai.

"Umekunywa maji, komamanga?"

"Nimekunywa mpaka nasikika nikigeuka kitandani. Nawe umeipiga mswaki kamera yako?"

"Iko Nairobi, maskini. Nimebaki mjane."

"Pole. Utaoa nyingine."

"Nimeshaiona. Ina ulimi mkali, lakini."

Hapo Mwanalima alijifunika mtandio usoni, kana kwamba angeonekana ndani ya simu.

Kwa mazungumzo hayo ndipo alipojua kazi yake hasa. Kamera ikitoka ndani ya mgonjwa, Adnani huipokea, huipiga brashi, huipuliza vijia vya ndani, huilowesha dawa, huikausha. Kila kilichogandamana nayo hukiona yeye, wa kwanza na wa mwisho. Usiku huo Mwanalima alikesha kwa jambo ambalo halikuwa kijiwe. Kwao mwanamke hata nguo zake za ndani huzianika chini ya leso, kakaye asizione. Na huyu, anayemwita komamanga, ndiye apokee kitu kilichotoka pale?

Basi hospitali ilipoletewa msaada wa sanduku la kamera za kutupwa, zile zinazoingia mara moja kisha zikatupwa, alifurahi kuliko wagonjwa wote. Hakuna kuoshwa! Itoke, itumbukizwe pipani, ikachomwe.

"Bushra, nenda ukaseme hivi," alimwambia binamu yake. "Kamera yangu mimi, ya kutupwa ama ya kuoshwa, asiiguse Adnani."

"Nimwambie sababu?"

"Ukimwambia nitakufa."

Bushra akafikisha kama alivyotumwa, neno kwa neno. Jioni ile Adnani hakupiga simu. Wala iliyofuata.

Siku ya upasuaji Mwanalima alishavishwa joho la hospitali, nywele kofiani, pale Daktari Zakiya alipoingia macho mekundu.

"Vaa nguo zako, urudi nyumbani. Adnani amekataa kuosha kamera."

"Amekataa..."

"Amekataa kabisa." Na daktari akatoka.

Mwanalima hakuuliza kwa nini kamera ya kutupwa ilihitaji kuoshwa. Alisikia moja tu: amekataa. Basi ndio malipo. Nilisema asiguse, naye ameona kinyaa kweli, au ananilipiza. Akarudi Farjano akajilaza, akamzuia Adnani kwenye simu yake asimpate tena. Homa ikaja juu ya hayo. Miezi mitatu ilikuwa inakaribia kutimia.

Bushra, ambaye siku ile zamu haikuwa yake, alisikia habari kwa wenzake. Alifika nyumbani bila kuvua viatu.

"Wewe umemzuia Adnani?"

"Mchu gani huyo? Mtu ameniacha na kijiwe changu, nimfungulie mlango?"

"Nisikilize, mjinga wewe. Zile kamera za kutupwa zimekwisha. Ya mwisho ilikuwa yako. Jana yake akaletwa mvuvi wa kisiwa cha Kudha, figo imeziba, anakufa. Daktari akamtilia yeye. Asubuhi akampa Adnani ile ile aioshe, utiliwe wewe."

Mwanalima akaketi.

"Adnani akasema haioshwi. Haikuundwa kuoshwa, uchafu hubakia ndani. Daktari akamwambia, mimi ndiye niliyekufunza hilo, na leo mimi ndiye nakuomba. Mtoto wa watu anateseka, mpira unaharibika. Unajua amejibu nini?"

"Sitaki kujua."

"Amejibu, kwa yeyote ningekataa. Kwa huyu nakataa mara mbili."

"Na daktari?"

"Alilia, bibi. Kisha akaitupa kwa mkono wake."

Mwanalima akatafuta simu chini ya mto. Ililia mara moja tu upande wa pili.

"Kwa nini hukuniambia?" akafoka, kwani hakuwa na njia nyingine ya kuanza.

"Ulisema nisiguse. Nikafikiri na simu yako imo humo."

"Nilisema kwa aibu, Adnani! Ulitaka nikwambieje? Kwamba kitu kitoke kwangu, wewe ukipige mswaki wa mtoto?"

Alicheka, akajizuia, akashindwa. "Mwanalima. Nimeosha iliyotoka kwa wazee wenye vilemba vyao. Tukikutana msikitini wananiamkia wao kwanza."

"Hao hawakupendi!"

Mahali fulani bajaji ikapiga honi.

"Umesema nini?"

"Mtandao mbaya," akasema Mwanalima.

"Mimi nakusikia vizuri sana." Sauti yake ikashuka. "Sikiliza. Kamera ya Nairobi imetengenezwa, imeshuka uwanja wa ndege. Ya kutupwa hakuna, na mpira wako haungoji. Lazima ioshwe, na hapa aiwezaye ni mimi. Siwezi kubadilisha hilo."

"Wewe si mahram wangu, si ndugu wala mume. Ni mtu baki."

"Basi nipe nambari ya kakako, nisiwe mtu baki."

Mahmudi, kaka yake Mwanalima, alipokea akiwa Chovai, nyundo za waunda mashua zikilia nyuma yake. Akasikiliza posa mpaka mwisho. Akauliza ukoo, akaridhika. Babu zao walikuwa wa kisiwa kimoja kabla ya vita kuwatawanya, wa Adnani wakaangukia Mombasa.

"Posa nimeipokea," akasema. "Lakini ndoa, la. Mchu ataolewa amelala ubavu, anaugua? Watu watacheka. Kwanza kijiwe kitoke. Kisha mje wote wawili."

"Kaka, ni jambo la stara..." Mwanalima akaingilia, kwani naye aliunganishwa kwenye simu.

"Stara gani tena? Nimeshasema."

Kwa hiyo alisukumwa kwenda chumba cha upasuaji akiwa mchumba tu. Adnani alisimama mlangoni na trei iliyofunikwa, macho ameyaelekeza ukutani.

"Ikitoka naweza kumwelekeza Bushra," akasema. "Atajaribu."

Bushra akaitazama mikono yake mwenyewe kwa mashaka. Mwanalima alifikiria mgonjwa atakayemfuata, amelala kwenye kitanda hiki hiki, na kamera iliyooshwa kwa kujaribu.

"Osha wewe," akasema.

Alipozinduka, ubavu ulikuwa mzito lakini mundu ule haukuwemo. Bushra akamwonyesha vumbi la kahawia ndani ya kichupa: kijiwe, kilichobakia. Mpira mwingine umetiwa, siku chache tu, na mashua bado marufuku. Dirisha la wodi lilitazama ukuta. Nyuma ya ukuta maji yalikuwa yakimiminika, yanakatika, yanamiminika tena, na brashi ikisugua kidogo kidogo. Mwanalima akajua nani na anaosha nini. Akangojea aibu imfike. Ikachelewa.

Maji yakafungwa. Nyayo zikasimama nje ya pazia.

"Adnani."

"Naam."

"Umeiona?"

"Nimeiona yote."

"Na je?"

"Na posa iko pale pale."

Mwanalima akacheka. Ubavu ukamuuma, akaushika, akacheka tena.