Mashine Nane, Sura Moja

Sogea hapa, mjukuu, nikuulize kitu. Niko na watoto wanane wa tumbo moja. Hawana macho, hawana mdomo, na wote wanaazima sura moja. Ukigusa kwa kidole, mmoja anaivaa ile sura na kukutazama. Wale saba wanabaki gizani, lakini hakuna anayelala. Ni nini?

Usiseme nyuki. Viazi pia si yenyewe. Umeshindwa? Basi nipe mlima mmoja, Masisi iko na mingi, nikufungulie. Umenipa ule wa ng'ombe wengi? Nimeupokea, nitakaa huko nikinywa maziwa. Jibu ni kabati la chuma lililopanda mji wa machimbo wa Rubaya mabegani mwa wanaume wanane, siku ya soko, katikati ya matope. Na ni kabati hilo njo liliwakutanisha Thacienne na Théogène.

Thacienne alikuwa amefunga kitenge cha manjano chenye ndege weusi, na chini yake buti za mpira mpaka magotini. Kichwani alibeba kidumu cha maziwa ya ng'ombe wa baba yake, mzee Sebarenzi. Soko lilijaa wabebaji wa madini ya koltani waliopinda migongo, wauza vitunguu, wauza samaki wakavu. Mbele ya kabati kijana wa shati jeupe na viatu vya ncha kali alikuwa akitembea kinyumenyume, mikono hewani.

"Polepole, baba zangu. Hii si kabati ya nguo."

Akarudi nyuma hatua moja zaidi, mgongo wake ukampiga Thacienne, na kidumu kizima kikammwagikia kijana kuanzia kichwani.

"Papa, macho yako iko mbele tu?" Thacienne aliuliza.

"Dada, unisamehe. Hii kitu ikianguka, na mimi naanguka."

"Na maziwa yangu, yenyewe haikuanguka?"

Wabebaji walicheka mpaka kabati likayumba. "Chef amebatizwa," mmoja alisema.

"Niambie kwenu ni wapi, nitaleta maziwa ingine."

"Utakamua wapi? Uko na ng'ombe mu hiyo kabati?"

"Iko nane," Théogène alijibu, maziwa yakimdondoka puani. "Lakini hazikamuliwake."

Thacienne hakutaka kucheka, akacheka. Jumatatu alipofika ofisi ya koperative, ushirika wa wachimbaji, na diploma yake ya informatiki, masomo ya kompyuta ya Goma, ndani ya mfuko wa plastiki, alimkuta yule yule kwenye chumba cha baridi, kola ya shati bado na alama ya maziwa. Yeye njo alikuwa wa kumfundisha kazi.

Zile seva nane zililala moja juu ya nyingine kama vitanda vya wanafunzi wa bweni. Katikati palikuwa na droo. Ukiivuta inatoka na klavye ya kuandikia na kipanya, ukiinua kifuniko chake, ni kioo. Pembeni yake, mstari wa vifungo vinane.

"Klavye moja, kioo kimoja, kipanya kimoja, mashine nane," Théogène alisema. "Ukibonyeza mbili, sura ni ya mbili. Angalia namba hapa kwenye pembe kabla ya kugusa kitu. Ukifikiri uko mu mbili kumbe uko mu tano, utaharibu kazi ya wengine bila kujua."

Moja ilishika uzito wa mizigo. Ine, yaani ile ya nne, ilishika wachimbaji walio hai, watu mia sita, kila mmoja na jina, picha na nyumba anayolala. Sita ilishika wale ambao mlima umewameza, nao walikuwa na picha na nyumba zao vilevile. Mvua ikinyesha Rubaya, ardhi inashuka na watu wake. Ile sita haikukaa njaa.

Mapenzi yao yalianzia hapo, kati ya feni na nyaya. Ukuta mmoja tu uliwatenganisha, na bado walipigiana simu.

"Allo, niko na mashine namba moja?"

"Hapa hakuna mashine. Iko muntu amechoka na sauti yako."

"Sura yangu, umekula?"

Hivyo njo Théogène alimuita: Sura yangu. Alisema yeye mwenyewe ni zile mashine nane, kelele na joto tupu, na bila Thacienne hakuna anayeweza kumsoma. Thacienne alimwambia aache kizungu chake cha Kiswahili. Kisha usiku akawa analirudia jina hilo peke yake, chini ya blanketi.

Théogène alikuwa na mdogo wake, Ngabo, mchimbaji, mtu wa meno makubwa na vicheko. Mwezi wa ine mlima ulimfunika. Siku ya pili Théogène alimtoa kwenye ine kwa mkono wake mwenyewe, akamuandika kwenye sita, machozi yakidondokea klavye. Siku ya tatu wakamchimbua, yuko hai, udongo masikioni, anaomba fufu. Rubaya nzima iliimba. Théogène alikimbia kumrudisha kwenye ine ili apewe tena kibali cha kushuka shimoni. Kumfuta kwenye sita, alisema, atafanya Jumatatu.

Ngabo alikuja Jumamosi na chupa zake mbili kuwatania. "Shemeji, mu ine niko muzima, mu sita niko mufu. Nikikunywa hizi mbili, nani kati yetu njo atalewa?"

Alipotoka, Théogène alifunga mlango, akakaa juu ya boksi.

"Thacienne, nikuje kwenu na wazee wangu? Utakubali nikuoe?"

Thacienne alitazama droo. "Toa Ngabo kwanza mu ile ya wafu. Sipendi muntu mwenye kucheka vile alale nao. Siku utamutoa, siku ile nakujibu."

"Jumatatu."

"Basi na mimi Jumatatu."

Jumatatu asubuhi, Théogène akiwa juu ya kilima anafunga antena, wanaume watano wenye bunduki waliingia. Mlinzi, Papa Kanyamibwa, aliwaambia ofisi imefungwa. Walimlaza chini, wakampiga gotini kwa kitako cha bunduki, mara nyingi, mpaka mfupa ukatoa mlio kama kuni kavu. Mkubwa wao alikuwa amevaa koti la mvua la kijani na miwani ya jua yenye kioo kimoja. Alimshika Thacienne kwa nywele akampeleka mpaka kwenye droo.

"Orodha ya wachimbaji. Majina na nyumba. Tunatafuta mabega ya kubeba mizigo mu pori. Anayekataa, tunamuacha pale pale."

Kidole cha Thacienne kilisimama juu ya vifungo. Ine: watu mia sita. Aliwaona wote, na mama zao. Akabonyeza sita. Wafu hawabebeshwi kitu, aliwaza, na nyumbani kwao watakuta tu makaburi.

Mmoja wao alipiga picha za kioo kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, Thacienne akisogeza na kipanya. Kwenye ukurasa wa tatu meno makubwa yalimtazama. Ngabo. Thacienne akaachia kipanya.

Mdomo wa bunduki ukamgusa sikio, baridi. "Endelea."

Akaendelea.

Walipomaliza, yule wa koti la kijani alikipiga kioo risasi mbili. "Sasa hakuna mwingine atasoma," alisema, kama mtu aliyeua ukoo mzima. Nyuma ya vioo vilivyovunjika, taa nane za kijani ziliendelea kukonyeza. Alikuwa ameua sura tu.

Nyumba ya Ngabo ilikuwa ya kwanza njiani, karibu na daraja. Walimkuta mlangoni anapiga mswaki. Alikataa kubeba, wakampiga risasi tatu, mswaki ukabaki mdomoni. Kabla ya kufika nyumba ya pili, risasi zilitoka kilima cha ng'ambo, bomu likaangukia soko, na wale watano wakakimbia. Mji ukakimbia nao. Kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba ndani ya ile simu walibeba majina ya wafu.

Théogène alifika ofisini jioni, shati lake jeupe halina tena mahali peupe. Alikuwa amembeba ndugu yake mgongoni mpaka kaburini.

"Ulibonyeza ngapi?"

Thacienne alifungua mdomo. Nikisema sita, aliwaza, atajua mara moja kwamba aliyemuacha Ngabo humo ni yeye mwenyewe. Atakufa naye. Akaufunga mdomo.

"Thacienne. Uliwaonyesha ine?"

Thacienne aliinama, akaanza kuokota vioo.

Théogène aling'oa klavye, akaipiga ukutani mpaka herufi zikaruka kama punje za mahindi. "Basi hiyo kunyamaza yako njo jibu." Akatoka. Thacienne alichukia midomo yake, lakini hakuifungua.

Miezi saba ilipita. Thacienne alikimbilia Walikale, kule msituni, akaweka kibanda cha kuchajia simu karibu na mto. Papa Kanyamibwa alikimbilia huko huko na fimbo yake, akawa fundi viatu hatua tatu kutoka kwake. Siku moja, kati ya simu arobaini za watu, ililia ya kwake.

"Allo."

"Sura yangu." Sauti ilikuwa imekauka. "Niko Hombo. Kesho nafika kwenu."

"Théogène. Uko muzima?"

"Nimefikiri miezi yote hii. Wewe hauwezi kufanya vile. Ulinyamaza sababu ulikuwa unafunika muntu. Ni Kanyamibwa. Waliponda goti yake, akawaonyesha kifungo. Batu wameniambia iko hapo na wewe."

"Hapana. Anza kwangu. Unasikia? Kabla ya yeye, kuja kwangu."

"Nimebeba kitu," alisema, na simu ikakatika.

Alifika saa sita za mchana kwa pikipiki, amekonda, koti la kijeshi linamning'inia mabegani. Alibeba mkeka uliofungwa kwa kamba. Hakuanza kwa Thacienne. Aliukunjua mkeka hapo hapo barabarani, bunduki ikatoka, akakipiga teke kigoda cha mzee. Kanyamibwa alianguka chali, misumari ikamwagika, mdomo wa bunduki ukamkaa kifuani. Wauza mihogo waliacha meza zao wakakimbia.

"Chef," Kanyamibwa alisema akiwa chini, "goti walishachukua. Kama unatafuta kingine, kiko hapo."

"Ulisema nini kwao?"

"Nilipiga kelele. Hiyo tu njo nilisema."

Thacienne aliingia katikati, akapiga magoti juu ya misumari, mgongo wake kwa mzee, kifua chake kwa bunduki.

"Toka, Thacienne."

"Uliniulizaga kitu. Nakuja kukujibu. Nipe risasi kwanza."

"Jibu kwanza."

"Risasi, Théogène. Ni sura yako njo inakuomba."

Théogène alifungua bunduki. Alizitoa moja moja, zikaangukia kwenye kitenge cha manjano chenye ndege weusi, kilichopauka sasa. Ya mwisho aliing'ang'ania. Thacienne alisubiri mkono wazi mpaka akaiachia, akazifunga zote kwenye pindo, mafundo mawili.

"Uliniuliza vitu viwili," alisema. "Kimoja ni cha ile Jumamosi, juu ya boksi. Hicho njo najibu kwanza, ili ukisikia cha pili usifikiri nakufukuza. Jibu ni ndiyo. Ilikuwa ndiyo siku ile. Iko ndiyo leo. Na leo utalia, Théogène, utalia sana, na hata hapo itakuwa ndiyo."

Bunduki ilishuka yenyewe mpaka matopeni.

"Na cha pili?" aliuliza. "Ngapi?"

Thacienne alimshika uso kwa mikono miwili, ili asiwe na mahali pengine pa kutazama.

"Sita."