Bunduki Iliyowinda Saa Saba Mchana

Tambara lilitoka jeusi.

Wesley alilitazama, akalinusa, akalitupa mezani kwa hasira. Asubuhi ile ile alikuwa ameisafisha bunduki hii mwenyewe, akapitisha ufito ndani ya mtutu mara tano, mpaka tambara la mwisho likatoka jeupe kama lilivyoingia. Akaipaka mafuta, akaitundika, akafunga chumba na kwenda kula. Sasa ilikuwa saa tisa alasiri, na mtutu ulijaa masizi. Ulinuka baruti mbichi, kana kwamba mtu ametoka kuufyatua dakika hiyo hiyo.

"Haiwezekani," alisema peke yake. Ufunguo ulikuwa mmoja, nao ulining'inia shingoni mwake.

Kazi yake katika nyumba ile ya Al Rayyan, kando ya Doha, ilikuwa moja tu: kutunza bunduki za Abu Fahad. Mzee huyo alikusanya kabini za pampu, zile bunduki fupi za kuwindia ambazo hukokiwa kwa kuvuta mkono wa mbele nyuma na kuusukuma mbele, krr-chak. Alikuwa nazo kumi na mbili ukutani, na kila majira ya baridi alisafiri kwenda kuwinda nchi za mbali. Wesley, aliyekuwa askari wa wanyamapori Laikipia kabla ya kuja Doha, alizijua kabini zile kama mama anavyowajua watoto wake usingizini.

Isipokuwa hii, ya saba ukutani. Ilikuwa imeletwa wiki iliyopita kutoka mnada wa ng'ambo. Kwenye kitako chake cha mbao, mwindaji fulani wa zamani alikuwa amechonga mikato midogo, mmoja kwa kila mnyama aliyemwangusha. Siku bunduki ilipofika, Wesley aliihesabu mikato: arobaini.

Leo ilikuwa arobaini na mmoja.

Jikoni, Nafula mpishi alikuwa ameshika njiwa mfu kwa mguu. "Baba Tevin, ona. Ameanguka uani saa saba. Hana jeraha, hana damu."

"Ni joto."

"Joto limeanza leo? Miaka yote hii walikuwa wanapepewa?"

Wesley hakucheka. Alikuwa na jambo moja tu kichwani. Alhamisi rafiki za Abu Fahad wangekuja kuzitazama kabini. Zikipita mikononi mwao zikiwa safi, Wesley angepewa likizo yake na kupanda ndege jioni ile ile. Tevin, mwanawe wa kwanza, alikuwa na miezi tisa, na baba yake hajawahi kumshika. Likizo ilikuwa imeahirishwa mara tatu. Mara ya mwisho mkewe Kendi alimwambia kwenye simu, "Wiki ijayo, wiki ijayo. Huyu mtoto atakuja kukuita mjomba."

Jumanne akaisafisha tena. Saa tisa ilikuwa chafu tena. Mikato ikawa arobaini na miwili, na paka wa madamu, mke wa mzee, akakutwa amelala chini ya gari, macho wazi, mwili mzima bila tundu. Abu Fahad aliingiza kitambaa chake cheupe kwenye mtutu, akamwonyesha weusi wake.

"Wesley, unanidanganya?"

"Wallahi nimeisafisha, Baba. Leo asubuhi, na jana pia."

"Ufunguo uko kwa nani?"

"Kwangu."

"Basi anayefyatua ni nani? Mimi?"

"Lakini Baba, risasi zote zimo kwenye sefu lako. Mimi ningefyatua nini?"

"Ndilo ninalokuuliza!" Mzee alikitupa kitambaa. "Alhamisi ikiwa hivi, hakuna likizo. Khalas, imekwisha."

Usiseme ukweli mahali ambapo uongo ndio unaoeleweka. Wesley alirudi chumbani akasugua mpaka vidole vikachubuka, akiitukana bunduki ile kwa Kiswahili na kwa Kikalenjin, na bunduki ikatulia tu ukutani, iking'aa.

Jumatano aliamua kuilinda. Ilipofika saa saba, nyumba nzima ililala, kama nyumba zote za Doha zinavyolala jua likiwa utosini. Mapazia yalifungwa. Wesley alijifungia ndani, akaketi sakafuni, mgongo mlangoni. Kiyoyozi kilinguruma kidogo, kisha kikanyamaza. Ikaja harufu. Kwanza ilikuwa ya manyoya mabichi, kama mbwa aliyetoka mvuani. Halafu ikawa ya nywele zinazoungua.

Krr-chak.

Hakuna aliyeigusa, lakini mkono wa mbele wa kabini ya saba ulikuwa umekwenda nyuma na kurudi mbele, taratibu, kama anavyofanya mtu asiye na haraka, na mtutu ukajibandua ukutani na kuanza kugeuka, ukipita mlango, ukipita meza, ukipita kifua chake na kusimama hapo kitambo ambacho kwake kilikuwa mwaka mzima, huku kitu kisichoonekana kikipumua nyuma ya kitako, pumzi za mtu aliyezoea kuvizia, kisha ukamwacha, ukaelekea dirishani, ukatulia, na mlipuko aliousikia haukuwa na sauti masikioni bali ulimpiga ndani ya mbavu.

Nje, swala aliyefugwa bustanini alipiga magoti, akalala.

"Njiwa, paka, swala," Nafula alinong'ona jioni, akiwa amejishika mabega. "Inapanda ngazi, Baba Tevin. Kesho ni nani?"

Mzee Harun, dereva wa nyumba ile, alikuwa mtu wa Mombasa, na babake alikuwa mganga wa majini. Hakumcheka Wesley. Alimsikiliza mpaka mwisho, akapangusa usukani, akasema, "Kesho kabla ya saa saba. Nitafutie ubani na maji ya waridi. Na mwanangu, mimi ndiye nitakayesema. Wewe ufunge mdomo."

Alhamisi saa sita walijifungia chumbani wote watatu. Nafula alishika chetezo cha ubani, akipulizia makaa. Harun aliilaza kabini juu ya shuka jeupe, akanyunyiza maji ya waridi, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Alisoma kwa muda mrefu. Moshi wa ubani haukupanda juu. Uliinama, ukaingia wote ndani ya mtutu.

Kisha mtutu ukajibu. Ulivuma, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Hakuna aliyejua ni lugha gani, lakini wote walielewa.

*Nina njaa.*

"Tumekusikia," alisema Harun. "Umekula vya kutosha katika nyumba hii. Sasa tunakuomba uhame."

*Nihamie wapi?*

"Taratibu. Tutakubaliana mahali. Kuna jangwa, kuna bahari, kuna..."

*Jangwa limejaa. Bahari ina wenyewe.*

Harun alifuta jasho. Akataja mapango, akakataliwa. Akataja magofu, akakataliwa. Saa ya ukutani ilikaribia saa saba. Wesley aliitazama, akaitazama bunduki, na yote ya wiki ile yakamrudia: matambara meusi, kitambaa cha mzee, likizo tatu zilizokufa, mtoto anayemjua baba kwa kioo cha simu.

"Nenda popote unapopenda!" alifoka. "Popote! Mradi utoke humo!"

"Nyamaza!" Harun alimziba mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

Mvumo ukakoma. Mkono wa mbele ukaserereka nyuma, na mtutu ukamwaga masizi yote juu ya shuka, kama jungu lililopinduliwa. Kiyoyozi kikaanza kunguruma. Nafula akalia kwa furaha.

Harun hakufurahi. "Umempa ruhusa, mwanangu," alisema polepole. "Mimi nilikuwa natafuta pa kumfunga."

"Ametoka, hajatoka?"

"Ametoka."

"Basi!"

Wageni walikuja, wakazishika kabini, wakazisifu. Kitambaa cheupe kilitoka cheupe. Abu Fahad alimpiga Wesley begani, akampa pasi na tiketi. Njiani kwenda uwanja wa ndege Wesley alizungumza bila kupumzika. Harun alimtazama mara kwa mara kwenye kioo.

Kwenye ukaguzi wa mwisho, karibu na lango la ndege, dada mmoja Mkenya aliyeitwa Peninah alimpangusa viganja kwa kijitambaa na kukiingiza mashineni. Mashine ikalia.

"Umeshika baruti, kaka?"

"Nasafisha bunduki za bosi. Barua yake hii hapa. Naenda kumwona mtoto wangu."

Peninah alimwita mkubwa wake, barua ikasomwa, simu ikapigwa kwa Abu Fahad. Wesley akanawa, akapanguswa tena. Mashine ikalia tena. Alisaga meno. Mara ya tatu ikanyamaza, taa ikawa kijani.

"Haya, wahi. Wanaita wa mwisho," alisema Peninah. "Msalimie mtoto."

Mbele yake kwenye foleni mama mmoja alikuwa amembeba mtoto wa miezi kama tisa. Mtoto alimtazama Wesley juu ya bega la mamaye, akatabasamu bila meno.

Bega la kulia la Wesley likamuuma, kama lililotegemezwa kitako cha bunduki. Jicho lake la kushoto likajifumba. Mkono wa kushoto, bila yeye kuutuma, ukanyooka mbele, ukavuta nyuma, ukasukuma mbele, taratibu, kama anavyofanya mtu asiye na haraka. Ndani ya mbavu zake kitu kikasema krr-chak. Kidole cha kulia kikaanza kujikunja.

Alijirusha pembeni, akaangusha begi. Mama yule akageuka, akamkumbatia mwanawe kwa nguvu, akaingia langoni.

"Kaka! Wanafunga!" Peninah aliita.

Simu ililia mfukoni. Aliijibu kwa shida.

"Umepanda?" Ilikuwa sauti ya Kendi. Nyuma yake mtoto alikuwa akipiga kelele za kucheza. "Tevin, sema baba. Sema, baba anakuja."

Wesley alilitazama lango. Lilikuwa wazi bado. Hatua kumi tu.

"Kendi," alisema, "usimlete uwanjani. Sipandi."

"Ati nini? Wesley, tena? Tena?"

"Nisamehe. Usimlete kwangu, hata nikikuomba. Hata nikija mwenyewe."

Simu ikakatwa upande wa pili. Wesley aliketi kwenye kiti cha chuma, akaiweka mikono yake yote miwili chini ya mapaja, akaikalia kwa uzito wake wote. Lango likafungwa. Chini yake, kidole kiliendelea kujikunja na kujikunjua.