Mulamula Usio na Mizizi

Kila asubuhi ya likizo, Shangazi Felicitas aliamka kabla ya jogoo, akatandika kitanda chake kikanyooka kama ubao, kisha akasimama mlangoni kwangu. "Stellah! Amka!" Nami, msomi wa bweni, niliinuka kwa heshima zote na kumpigia saluti kwa mkono wa kushoto.

"Mkono huo ni wa kujikunia," alisema. "Siku utakayostahili, nitakupigia mimi."

Shangazi alikuwa amestaafu jeshini akiwa sajini. Miaka yote aliishi kwenye nyumba za kambi, ambako hata msumari haupigiliwi ukutani bila ruhusa. Sasa tulikuwa tumepanga Muleba mjini, na mkobani mwake alitunza msumari mmoja mpya. "Wa picha ya mama," aliniambia. "Nitaupigilia kwenye ukuta wangu, na sitamwomba mtu." Kiinua mgongo chake kilitosha kununua nyumba moja tu. Akikosea, basi.

Jumamosi tulikwenda Kishanda kuona nyumba ya Protase, aliyekuwa akihamia Bukoba. Ilikuwa ya matofali na bati jekundu, katikati ya kibanja, shamba la migomba na kahawa. Na ndani, wapendwa wasomaji, kulikuwa na chumba chenye dirisha la mashariki. Mimi ninayelala shuleni na wasichana wanaokoroma kama matrekta nilikinunua moyoni papo hapo.

"Afande, harakisha," Protase alisema. "Kuna tajiri anakuja kesho na pesa mkononi."

Wakiendelea kuzungumza, nilikwenda mpakani. Kwetu Uhayani mpaka wa kibanja ni mulamula, mmea wa majani marefu ambao mtu mwenye akili timamu hathubutu kuuhamisha. Nilitaka kijiti kimoja tu, nikibebe kama bunduki nimpitie Shangazi kwa gwaride. Nilipouvuta mmea, uling'oka wote kama kitunguu.

Nilishangaa. Mulamula wa mpakani huwashinda wanaume wenye majembe, lakini huu haukuwa na mzizi hata mmoja. Nikavuta wa pili: vilevile. Nikarudi ndani kidogo, nyuma ya mistari miwili ya mibuni. Hapo, chini ya nyasi zilizotandazwa, nikaona mashimo yaliyofukiwa juzijuzi.

Nililitazama dirisha langu. Nikauchomeka mmea ardhini. Kisha nikauchomoa tena.

"Shangazi," nilisema, "mpaka wa hapa umetembea."

Protase akacheka. "Mtoto wa bweni anajua nini kuhusu mulamula? Waitu, tafadhali Afande, mwambie akacheze!"

Shangazi aliupokea mmea, akapapasa shina lake lililokatwa kwa panga. "Anajua kutazama," alisema. "Kwa nini hukuwaita majirani watuoneshe mpaka, kama ilivyo desturi? Waite sasa."

Majirani walikuja. Bibi Paskazia, mjane wa kibanja cha pili, alitembea hadi katikati ya ile mibuni akasimama.

"Kahawa hii niliipanda na marehemu mume wangu," alisema polepole. "Nilikwenda kumuuguza binti yangu, nimerudi jana. Kumbe nyuma yangu ulikuwa unanipunguzia shamba, Protase?"

Protase alivitazama viatu vyake. "Nilitaka kibanja kionekane kikubwa," alinong'ona. "Bei ipande."

Nilijua dirisha langu limekwenda. Lakini Shangazi alivua koti, akachukua jembe, akamkabidhi Protase. "Rudisha mpaka, wote wakiona. Ukimaliza, tutazungumza bei ya kilicho chako. Cha mama huyu sikinunui hata kwa bure."

Protase alichimba mpaka shati likalowa. Majirani walikagua kila mmea, na Bibi Paskazia akakubali. Ndipo Shangazi akanunua, mbele ya majirani na mwenyekiti wa kitongoji.

Siku ya kuhamia, kazi ya kwanza ilikuwa ule msumari. Picha ya mama yake, bibi yangu, iliponing'inia, Shangazi alinigeukia.

"Ungenyamaza, mwanangu, ningepigilia msumari huu kwenye nyumba ya ugomvi. Uliitaka nyumba hii kuliko hata mimi, na bado ukasema kweli. Kumbuka: nyumba ya mtu hushikwa na ukweli, kama mpaka unavyoshikwa na mizizi."

Akabana visigino, akanipigia saluti. Nami, kwa mara ya kwanza, nilijibu kwa mkono wa kulia.

Sasa dirisha la mashariki ni langu. Jua likichungulia, hukuta nimeshatandika kitanda. Shangazi hulitangulia kila siku.