Kabla ya Maji Kufika

— Usiangalie chini! Niangalie mimi!

Nesi alipiga kelele mpaka koo likamkwaruza. Mchumba wake, mpishi wa hoteli, alikuwa ananing'inia katikati ya ukuta wa korongo, ameing'ang'ania kamba kama kupe. Chini yake, kwenye mwamba uliojitokeza, alisimama Kinyozi, rafiki yao aliyewaleta matembezi huku jangwani. Tangu asubuhi alikuwa akiwachekesha. Sasa utani umemwisha.

— Shemeji, maji ya huku chini yamegeuka tope! Mafuriko yakiishika ncha ya kamba, yatamvuta! Fanyeni haraka!

Juu yao jua lilikuwa kali, lakini kule milimani wingu jeusi lilikuwa limetanda. Mvua ikinyesha kule, huku mafuriko huja bila hodi.

— Legeza mkono, kamba iteleze!

— Siwezi!

— Si ulisema umeshashuka makorongo mengi?

— Nilidanganya! Sijawahi hata mara moja!

Nesi akajifunga kamba ya pili, akashuka hadi ubavuni mwake. Uso wa Mpishi ulikuwa umempauka.

— Vuta pumzi. Toa. Haya, legeza kidole kimoja.

— Nitakufa nikiwa nimekukosea, mpenzi.

— Hufi. Legeza.

— Jumatatu nasafiri.

— Unasafiri kwenda wapi?

— Nimepata kazi ng'ambo, miaka mitatu. Tiketi ninayo.

— Jumatatu hii? Na harusi ni Jumamosi?

— Niliogopa kukwambia. Ningekupigia nikifika.

Kadi zilishagawiwa. Gauni liko kwa fundi, limebaki kutiwa vifungo tu.

— Mama yako anajua?

Mpishi akafumba macho.

— Anajua.

Ngurumo ikasikika kutoka ndani ya korongo, nzito, inasogea.

— Shemejiii! Yanakuja!

Nesi akaushika mkono wa Mpishi, akaanza kuubandua kwenye kamba kidole kwa kidole, kama anavyobandua plasta za watoto wodini.

— Umenisamehe?

— Nimesema legeza!

Kamba ikateleza. Wakashuka bega kwa bega, Kinyozi akawadaka mikanda na kuwavutia kwenye mwamba. Hawajakaa sawa, maji yakapita chini ya viatu vyao, mekundu, yamebeba magogo na mawe. Wakajibana ukutani watatu.

Maji yalipopungua wakapanda kinjia cha kando hadi kwenye gari. Mtandao ukarudi, simu ya Mpishi ikalia. Ujumbe wa wakala wa safari:

"Uko tayari? Jumatatu alfajiri uwanja wa ndege. Usichelewe."

Mpishi akamgeukia Nesi.

— Nawajibu sasa hivi siendi. Umeniokoa, nabaki. Tufunge ndoa.

— Sikukushusha ili ubaki. Nilikushusha ili usife.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo nenda. Mama yako anajua. Wangu nitamwambia mimi.

Nesi akavuta pete ya uchumba, ikagoma. Vidole vilikuwa vimevimba kwa kamba. Akailowesha kwa mate, akaizungusha taratibu, ikatoka, akamwekea kiganjani. Kisha akaingia kiti cha nyuma, akaandika:

"Mama, niko mzima. Harusi haipo tena. Narudi nyumbani."

Hata hajaiweka simu chini, ikaita.

— Mama, alisema. Na hapo tu ndipo machozi yakamtoka.