Sayari za Nuha

Kabati la chuma lilikuwa wazi, na diski yenye sayari za Nuha haikuwemo.

Inspekta Ghaleb Haddadin alichungulia bila kugusa. Kufuli halikuvunjwa. Mtaalamu wa alama za vidole alitikisa kichwa: studio nzima ilikuwa imelishika kabati lile.

"Kuna nakala nyingine?"

"Hakuna, afande," alisema Munther, mkurugenzi. "Tumezifuta. Hiyo nayo ilikuwa ifutwe leo."

"Kitu cha kufutwa, mbona umeita polisi?"

"Mali ya studio ni mali ya studio."

Walikuwa wakitengeneza mchezo wa kompyuta wa safari za anga. Nuha, mchoraji wao, alikuwa amezichora sayari kwa mkono: mchanga wa waridi, miezi iliyopinda, na katika kila sayari nyumba moja yenye shuka za mistari zimeanikwa juu ya paa. Moyo ulimsimama ghafla wakati wa baridi, msichana wa watu, bado mbichi kabisa. Sasa Munther alitaka mawe na vumbi kama vya picha za darubini.

"Nani alipinga?"

"Wachoraji wote. Anza na hao."

"Nani aliunga mkono?"

"Yazan, fundi wa programu. Miaka yote alimcheka Nuha. Nani anaanika nguo mwezini, alikuwa akimwuliza."

Jicho la Ghaleb likatua mezani. Kikombe kidogo cha kahawa chungu, kimejaa, kimepoa. Sisi wa Amman twajua maana yake: mwenye ombi zito huiweka chini kahawa ya mwenyeji, haionji mpaka akubaliwe.

"Nani alikuja kukuomba kitu?"

Munther akainamisha macho. "Yazan. Jana. Alitaka sayari zisifutwe. Nilidhani ni uchungu wa msiba tu, utapita."

"Ukamwacha aondoke hajanywa?"

Aibu ilimshika Munther, na ilimstahili.

Walimkuta Yazan nyumbani kwa mama yake Nuha, mtaa wa Ashrafieh. Mama alikuwa mbele ya kompyuta, akiendesha chombo cha anga polepole juu ya mchanga wa waridi.

"Ni wewe?" aliuliza Ghaleb.

"Ni mimi. Ufunguo ninao."

"Kwa nini? Si ulishinda?"

"Nimeshinda kwa sababu hayupo wa kunijibu." "Nilimwambia anachora mambo ya watoto. Akanuna, tukawa hatusemezani. Nikasema nitamwomba radhi Jumapili, wiki ya kazi ikianza. Jumapili tukamzika."

"Kisha?"

"Nikapanda paa la nyumba hii siku ya mazishi. Shuka zilikuwa kwenye kamba, zilezile za mistari. Alikuwa akichora nyumbani kwao, afande. Na mimi nikimfundisha kitu halisi kinafananaje."

Mama hakugeuka. "Usimfunge, mwanangu. Huyu ndiye anayenipeleka kumwona."

Ghaleb mwenyewe aliirudisha diski kwa Munther. Kahawa ililetwa. Akaiweka mezani, kando ya kile kikombe kingine ambacho hakuna aliyethubutu kukiondoa.

"Kunywa, afande, itapoa."

"Ondoa mashtaka. Na diski ikae kwa mama."

Munther alivitazama vikombe viwili.

"Kunywa," alisema. "Yote mawili umepata. Ila mchezo utatoka na mawe na vumbi."

Ghaleb akanywa. Yazan alikuwa akingoja garini, na Ghaleb hakujua hilo la mawe atamwambiaje.